Kuhama X Mkiwa Kundi: Mastodon kwa Watu Wanaoandika Kiswahili

Mtu akitangaza kwamba anahama X (zamani Twitter) kwenda mtandao wa Mastodon, mara nyingi mwisho wake unajulikana. Jumamosi anafungua akaunti, anaandika "Jamani nimefika", anasubiri. Jumapili kimya. Wiki mbili baadaye amerudi X akieleza kwamba kule hakuna watu. Watu wapo, ila si wake. Alichohamisha ni jina na picha. Wale aliokuwa akibishana nao kila jioni kuhusu Simba na Yanga, bei ya mbolea au vina vya shairi amewaacha palepale.

Kwa hiyo maelezo haya hayamhusu sana mtu anayetaka kuonja mtandao mpya peke yake. Yanahusu kundi: watu kumi, ishirini, arobaini wanaojuana kwa majina ya mtandaoni na wanaotaka kuendelea kuongea mahali pengine.

Sababu za kuhama kila mtu ana zake. Elon Musk alikamilisha kuinunua Twitter tarehe 27 Oktoba 2022, na wimbi kubwa la kwanza likaanza wiki hiyohiyo. Kwa walioko Tanzania, Mei 2025 ilileta sababu nyingine kabisa: X ilizuiwa nchini. Wanaohama sasa wana kazi ngumu kuliko wale wa 2022. Wakati ule kulikuwa na zana kama Fedifinder na Debirdify, zilizosoma orodha ya unaowafuata na kukuonyesha nani tayari ana anwani ya Mastodon. Mwaka 2023 Twitter ilipofunga njia ya bure ambayo programu za nje zilitumia kusoma data zake, zana hizo zikafa. Leo kazi hiyo inafanywa kwa mkono.

Kabla ya kutoka

Anza kwa kuomba nakala ya data zako. Kwenye mipangilio ya X ingia sehemu ya akaunti yako, omba nakala, kisha subiri. Inaweza kuchukua saa 24 au zaidi. Utapata faili la zip. Lifungulie kwenye kompyuta, kwa sababu kwenye simu huleta usumbufu. Machapisho yako yote yamo, na DM (jumbe za moja kwa moja) pia.

Kuna kitu kimoja huwashangaza wengi wakishafungua. Orodha ya unaowafuata haina majina. Ina namba za utambulisho tu, na kila namba ina kiungo cha kukurudisha X. Ukishafungiwa nje au mtandao ukazimwa, namba hizo hazikusaidii chochote. Tatizo linafanana kwenye viungo ulivyowahi kuposti: ndani ya maandishi yako vinaonekana kama t.co, yaani vinapitia kwanza kwenye seva za X.

Kwa hiyo tengeneza orodha yako mwenyewe, na usiitengeneze kwa kupitia unaowafuata. Pitia majibu ya miezi mitatu iliyopita. Nani alikujibu? Wewe ulimjibu nani? Mtu anayefuata akaunti 1,200 hukuta wanaoongea naye kweli hawazidi 40. Waandike kwenye safu tatu: jina la X, njia nyingine ya kumpata (WhatsApp, barua pepe), na anwani mpya, ambayo kwa sasa utaiacha wazi. Safu ya pili ndiyo yenye thamani. Desemba 2022 Twitter ilipiga marufuku kwa muda viungo vya Mastodon, na waliokuwa wakitegemea posti moja ya kuaga walikwama.

Akaunti ya zamani usiifute. Ukiizima, baada ya siku 30 inafutwa, na baadaye jina lako linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine akaanza kuwasalimia wafuasi wako. Andika anwani mpya kwenye wasifu, bandika posti moja juu yenye anwani hiyohiyo, na uwe unaingia japo mara moja kwa mwezi.

Mastodon au Bluesky?

Bluesky ni nyepesi kuingia. Tangu Februari 2024 iko wazi kwa kila mtu, posti ni herufi 300, na ina kitu kizuri sana kwa makundi: pakiti ya kuanzia, orodha ya hadi watu 150 ambayo mgeni anaibonyeza mara moja na kuwafuata wote. Kwa mwandishi wa habari anayetaka kujua nini kinatokea saa hii, mimi ningemwambia aende Bluesky asijisumbue zaidi. Ila kwa kundi linalotaka mahali ambapo kanuni zinawekwa na watu wanaoweza kuandikiwa barua na wakajibu, Mastodon inafaa zaidi, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Ukichagua upande mmoja, mwingine haupotei kabisa. Kwenye Mastodon ukiifuata akaunti ya @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, posti zako za wazi zitaanza kuonekana Bluesky.

Mastodon ilianzishwa na Eugen Rochko, Ujerumani, mwaka 2016. Si tovuti moja. Ni maelfu ya seva zinazoongea kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha mwaka 2018. Ifikirie kama mitandao ya simu: mteja wa Vodacom anampigia wa Airtel bila shida, lakini kila mmoja ana kampuni yake, bei zake na huduma kwa wateja yake. Hapa ndipo anwani inapopata sehemu mbili, jina na seva, mfano @juma@seva.example. Ukimtajia mtu sehemu ya kwanza tu, hatakupata.

Seva ipi

Ushauri wa kawaida ni kuchagua seva ndogo yenye watu wa fani yako. Kwa anayeandika Kiswahili nadhani ushauri huo haufai mwanzoni, na sababu ni ya kiufundi. Seva haioni mtandao mzima. Inaona posti za watu wake, za wale ambao angalau mtu mmoja wa seva hiyo anawafuata, na zile zinazosambazwa na hao. Kwenye seva ya watu 80 huko Ulaya, ambako hakuna hata mmoja anayefuata Mswahili, ukitafuta #Kiswahili utapata ukurasa mtupu na kudhani hakuna anayeandika. Kwenye seva kubwa kama mastodon.social tayari kuna watu wengi wanaofuata kila kona ya dunia, na utafutaji huohuo utaleta matokeo. Anzia kwenye seva kubwa, jengeni kundi, kisha mtahama. Kuhama ndani ya Mastodon kumewekewa njia rasmi, nitaieleza mwishoni.

Kabla ya kujiandikisha popote, fungua anwani ya seva na umalizie na /about. Ukurasa huo unaonyesha nani anaendesha, kanuni ni zipi, na mara nyingi seva zipi zimewekewa mipaka au kufungiwa. Tazama pia nani analipa gharama. Seva zilizoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimekubali masharti fulani: kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na angalau mtu wa pili mwenye uwezo wa kuingia kwa dharura, na kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Hiyo si dhamana, lakini ni afadhali kuliko seva ya mtu mmoja asiyejulikana.

Angalia hata herufi za mwisho za anwani. Seva ya queer.af ilikuwa inatumia kikoa cha Afghanistan. Februari 2024 mamlaka za Taliban zilikinyang'anya, na anwani za watumiaji wote zikafa siku hiyo. Ukubwa wa mwenye seva nao haukulindi: Mozilla iliendesha mozilla.social, ikaifunga Desemba 2024.

Akaunti yenyewe

Kujiandikisha ni barua pepe na nenosiri, hakuna namba ya simu. Seva nyingine zinataka uandike sentensi moja ya kwa nini unajiunga, na msimamizi anaisoma kwa macho yake. Andika kitu cha kweli. "Nataka kujiunga" huweza kukataliwa, kwa kuwa ndivyo wanavyoandika matapeli.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Mastodon haitumi SMS, inatumia programu ya namba za siri kwenye simu. Utapewa misimbo ya akiba. Iandike kwenye karatasi. Simu ikiibiwa na misimbo huna, ni msimamizi pekee anayeweza kukufungulia, na huyo ni mtu anayejitolea, pengine analala saa ambazo wewe uko macho.

Wasifu usiuache mtupu. Watu wa Mastodon huusoma kabla ya kumfuata mtu, na asiye na picha wala maelezo humwona kama roboti. Inatosha hivi:

"Mwalimu wa fizikia, Tabora. Naandika kuhusu umeme wa jua, redio za zamani na mpira wa bongo. Kiswahili, mara mojamoja Kiingereza."

Chini ya wasifu kuna nafasi nne za viungo. Ukiwa na blogu, weka kiungo chake hapo, na kwenye blogu weka kiungo cha kurudi chenye alama rel="me" ndani ya msimbo. Seva ikikagua na kukuta viungo vinaelekeana, kile cha kwenye wasifu kinageuka kijani. Hakilipiwi. Kikishindwa kugeuka, mara nyingi ni kwa sababu umekisahihisha upande wa blogu lakini hujahifadhi upya wasifu, maana ukaguzi hufanyika unapohifadhi.

Halafu ingia /settings/privacy uruhusu posti zako za wazi zitafutwe. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023 utafutaji wa maneno upo, ila unawagusa tu waliokubali. Ukiruka hatua hii, mtu atatafuta "umeme wa jua" na hatakuona hata ukiandika kila siku.

Kwenye kisanduku cha kuandikia kuna kitufe kidogo cha lugha, na mara nyingi kinasoma EN. Kibadilishe kiwe Kiswahili. Unaweza kukiweka hivyo moja kwa moja kwenye mipangilio. Mtumiaji anaweza kuchagua lugha anazotaka kuziona kwenye TL (mitiririko ya posti) za wazi, na aliyechagua Kiswahili peke yake hataona posti ya Kiswahili iliyobandikwa lebo ya Kiingereza. Jambo dogo hili linawaficha watu wengi.

Kwa nini TL iko tupu

Kwa sababu hakuna algorithimu inayokuletea. TL ya nyumbani inaonyesha unaowafuata na alama reli (hashtag) unazozifuata, kwa mpangilio wa saa, basi. Usipofuata mtu huoni kitu. Ukimfuata mtu leo, seva yako huanza kupokea posti zake kuanzia leo. Za nyuma ziko kwao, na unazisoma kwa kufungua ukurasa wake wa asili.

Dawa ni alama reli. Tangu toleo la 4.0 la Novemba 2022 unaweza kuifuata alama reli kama unavyomfuata mtu. Tafuta #Kiswahili, #Tanzania, #Kenya, na zile za mambo yako, kisha bonyeza kitufe cha kufuata. Unapoandika, weka tatu hadi tano mwishoni. Kwa maneno yaliyoungana tumia herufi kubwa kila neno linapoanza, #MashairiYaKiswahili, kwa sababu wasioona wanatumia programu inayosoma kioo kwa sauti, na bila herufi kubwa husikia mchanganyiko usioeleweka. Tahadhari moja ni yetu sisi: king'ong'o kinakata alama reli. Ukiandika #Ng'ombe, mfumo unasoma #Ng na kuacha mengine. Andika #Ngombe, hata kama inakuudhi.

Kufahamu vitufe nako kunasaidia. Nyota inampa habari mwandishi kwamba umependa, na inaishia hapo. Kinachopeleka posti kwa wengine ni kitufe cha mishale. Waliotoka X wanagawa nyota kwa ukarimu halafu wanashangaa mbona hakuna kinachosambaa.

Utakutana pia na mjadala ambao wewe unaona majibu mawili na mwenzako wa seva nyingine anaona kumi na moja. Hakuna aliyekufungia; majibu hayo hayajafika kwenye seva yako. Nakili anwani ya jibu ulilokosa, libandike kwenye kisanduku cha kutafuta ukiwa umeingia kwenye akaunti, na seva italivuta.

Kuhama kama kundi

Chagueni tarehe moja, na watu wawili wawe wenyeji. Wenyeji wanatangulia wiki moja, wanafungua akaunti, wanaandika posti kadhaa ili wageni wakute pana dalili ya uhai. Chagueni alama reli moja tu ya kundi, fupi, isiyotumika kwa jambo lingine. Itafuteni kwanza muone kama haina wenyewe. Kisha saa moja kwa wiki, kwa mfano Alhamisi saa tatu usiku, ambayo kila mmoja anajua kuna swali moja mezani. Bila saa hiyo kila mtu anachungulia kwa wakati wake, anakuta hakuna mtu, anaondoka.

Kufuatana kusifanywe kwa kubonyeza mmoja mmoja. Mwenyeji akusanye anwani za wote kwenye faili la CSV, ambalo linaweza kuandikwa hata kwenye programu ya maandishi ya kawaida:

Account address
juma@seva-moja.example
halima@seva-moja.example
otieno@seva-mbili.example

Mstari wa kwanza ubaki hivyohivyo kwa Kiingereza, anwani zisianze na @, na kusiwe na nafasi tupu. Kila mmoja anaingia /settings/imports, anachagua kwamba hii ni orodha ya wanaofuatwa, anapakia. Kuna chaguo mbili: kuunganisha orodha mpya na ya zamani, au kufuta ya zamani na kuweka mpya. Chagua kuunganisha. Aliyebonyeza lile la pili anaacha kuwafuata wote aliokwisha kuwafuata. Kazi inafanyika nyuma ya pazia, hivyo majina hayaji yote papo hapo, na wenye akaunti za kuidhinisha wafuasi watabaki wakisubiri hadi waidhinishe.

Wote mkifuatana na mkiwa na alama reli moja, suala la seva gani linapungua uzito. Hapo ndipo ladha inaanza kurudi.

Kuna suala la bando. Vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyouzwa kwetu vinataja mitandao inayohusika kwa majina, na usipoikuta Mastodon humo ujue itakula MB za kawaida. Kwenye Android, programu ya Tusky ni nyepesi; zima upakuaji wa picha za awali na video zisijicheze zenyewe. Kwenye tovuti yenyewe kuna chaguo la kuficha picha zote hadi uzibonyeze. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika maelezo ya maneno chini ya kila picha unayoweka: aliyeficha picha ili kuokoa bando anasoma maelezo hayo, kisha anaamua kama inafaa kufunguliwa.

Panapoharibika

DM za Mastodon si za siri. Hazifungwi kwa usimbaji, na wasimamizi wa seva zote mbili wanaweza kuzifungua. Zaidi ya hapo, DM ni posti tu inayoonekana kwa waliotajwa: ukimsema Halima ndani yake na ukaandika anwani yake kamili, Halima naye anaipokea. Watu wameumbuka kwa hili. Ya siri yabaki Signal au WhatsApp.

Posti ya "wafuasi tu" nayo haina ulinzi kama akaunti yako inakubali kila anayekufuata. Washa kuidhinisha wafuasi kwanza.

Ugomvi ukitokea, kuripoti kunakwenda kwa msimamizi wa seva yako, na unaweza kuchagua nakala iende kwa msimamizi wa yule uliyemripoti. Seva nyingi hazina msimamizi anayesoma Kiswahili. Tusi zito kwa Kiswahili mbele ya Mjerumani ni herufi tu. Kwenye nafasi ya maelezo ya ripoti, tafsiri maneno yenyewe kwa Kiingereza na ueleze kwa nini ni matusi. Ripoti isiyo na tafsiri huweza kufungwa bila hatua. Seva mbili zikigombana hadi moja kuifungia nyingine, kufuatana kati ya watu wa pande hizo kunakatika, hata kama nyinyi hamkuwa sehemu ya ugomvi. Kundi lililogawanyika kwenye seva tatu au nne hupoteza sehemu tu. Lililoko kwenye moja lina hatari ya kukatwa lote.

Kuendesha seva yenu wenyewe kunavutia, na mwaka wa kwanza ningewazuia. Kinachoumiza wasimamizi wapya ni diski: seva inahifadhi nakala za picha za kila mtu mnayemfuata, inajaa usiku mmoja, hifadhidata inasimama. Amri ya tootctl media remove inasafisha picha za mbali zilizopitwa na siku kadhaa, na inapaswa kupangwa ijiendeshe tangu siku ya kwanza.

Kuhama tena, sasa ndani ya Mastodon

Fungua akaunti kwenye seva mpya. Kwenye akaunti mpya ingia /settings/aliases uandike anwani ya zamani, ili seva ijue unatambua akaunti ile ni yako. Kisha rudi kwenye ya zamani, /settings/migration, andika anwani mpya na nenosiri. Ukigeuza mpangilio huu, ukaanza na ya zamani, inakataa. Wafuasi wanahamishwa wenyewe, taratibu, na anayefungua wasifu wa zamani anaonyeshwa mpya. Posti hazihami, zinabaki kule. Ukishahama, lazima zipite siku 30 kabla ya kuhama tena, kwa hiyo usifanye majaribio.

Unaowafuata hawaji na wewe. Kwenye /settings/export ya akaunti ya zamani shusha mafaili ya CSV: unaowafuata, orodha, uliowafungia, uliowanyamazisha, alamisho. Shusha kabla seva ya zamani haijazimwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna pa kuyapata. Upande mpya pakia kwanza uliowafungia, ili wasikufikie ungali unapanga vyombo, kisha unaowafuata. Orodha zisubiri hadi wanaofuatwa wote waingie, kwa kuwa mtu usiyemfuata hawekwi kwenye orodha.